Taa Inayozimika Ukikanyaga Breki
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumai kila mtu amekwisha kaa mahali pake, daftari iko mbele yake na kalamu iko mkononi. Namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno matano: volti, wati, ampea, fyuzi, ethi. Someni pamoja, polepole. Maneno hayo tutakutana nayo leo, kila moja kwa zamu yake.

Somo letu ni juu ya taa za nyuma za gari ya abiria. Pengine bibi mmoja atasema, "Mimi sina gari, wala sijui kuendesha. Taa za nyuma zanihusu nini?" Zakuhusu, bibi. Wewe hupanda gari kutoka Paje kuja mjini, na jioni hurudi katika gari hiyohiyo. Mwanao hupita njia hiyo kwa baskeli. Ndugu yako hurudi kutoka shamba na gari ya ng'ombe baada ya magharibi. Taa za nyuma hazimsaidii sana dereva mwenyewe, kwa kuwa yeye hutazama mbele. Kazi yake ni kumwambia mtu wa nyuma mambo mawili. La kwanza, "Mimi nipo hapa." La pili, "Sasa napunguza mwendo." Gari isiyoweza kusema maneno hayo mawili ni bubu usiku, na bubu katika kiza ni khatari.

Sasa nitakupeni mfano. Tuseme gari imetoka mjini usiku kwenda Makunduchi. Imepita Tunguu, imeingia katika msitu wa Jozani. Mnajua kuwa Jozani barabarani pana matuta, nayo yamewekwa ili gari zipunguze mwendo zisiwakanyage kima punju wanaovuka njia. Miti ni mingi, na mbalamwezi haipenyi vizuri. Gari yetu ina ugonjwa: taa ya nyuma ya kushoto inawaka, lakini dereva akikanyaga breki, inazimika. Ya kulia imeungua zamani, wala hakuna aliyejali. Basi anafika penye tuta na kukanyaga breki. Je, mtu wa nyuma anaona nini? Alikuwa akiona taa nyekundu moja. Sasa haoni kitu. Anadhani gari ya mbele imekwenda zake, imepinda au imekwisha kuwa mbali. Kumbe iko pale pale mbele yake, na karibu itasimama.

Tufanye hesabu. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Huyo wa nyuma akishangaa sekunde moja tu, amekwisha sogea mita 14. Akishangaa sekunde mbili, ni mita 28. Mwalimu, ukitoka nje ya darasa pima hatua 28 ndefu, uwaonyeshe wanafunzi umbali huo. Ndani ya mita 28 hizo wamo watu wa gari ya mbele, na watoto waliolala mapajani.

Ugonjwa huu wa taa kuzimika wakati wa breki si wa ajabu. Upo katika gari nyingi, na dawa yake ni nyepesi. Tatizo ni kuwa watu hutibu kitu kingine. Sikilizeni mazungumzo haya baina ya dereva na fundi. Nimeyatunga kwa ajili ya somo letu.

DEREVA: Asalaam alaykum, fundi.
FUNDI: Waalaykum salaam. Karibu, bwana. Khabari za safari?
DEREVA: Njema. Nataka globu nyingine ya nyuma kushoto. Hii itakuwa ya tatu mwezi huu.
FUNDI: Uliyotia wiki iliyopita imeungua?
DEREVA: Nadhani imeungua. Nikiwasha taa inawaka, nikikanyaga breki inazimika.
FUNDI: Bwana, globu iliyoungua haiwaki. Yako yawaka, kisha yazimika, kisha yawaka tena. Kitu kilichokufa hakifufuki kila unapoinua mguu. Hebu niambie, ukizima taa za usiku kisha ukakanyaga breki, inakuwaje?
DEREVA: Utingo wangu asema inawaka kidogo, kama mshumaa unaokwisha.
FUNDI: Basi weka fedha zako mfukoni. Globu ni nzima. Umeme wako umekosa njia ya kurudi.

Maneno ya mwisho ya fundi ndiyo kiini cha somo letu. Umeme una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Hutoka katika betri, hupita katika waya, huingia katika globu na kuwasha, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Usipopata njia ya kurudi, hata ile ya kwenda hauipiti. Katika gari, njia ya kurudi mara nyingi ni chuma cha gari chenyewe, yaani bodi. Waya mfupi hutoka kwenye taa na kufungwa kwenye bodi kwa skrubu. Waya huo mafundi huuita ethi. Mwalimu, waonyeshe neno hilo ubaoni.

Ili mfahamu vizuri, tufikiri juu ya mji wetu. Zamani maji ya bahari yalikuwa yakiingia baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Ndiyo sababu hata leo, ingawa pwani ile imefukiwa miaka mingi iliyopita, twasema Darajani. Upande wa kusini, kwa Mnazi Mmoja, palikuwa na ukanda wa nchi kavu ambao mtu aliweza kuzunguka kwa miguu.

Sasa tuseme mtu ametoka Mji Mkongwe kwa mtumbwi, ameshushwa Ng'ambo, na mtumbwi haumrudishi. Atarudi kwa daraja. Daraja likivunjika atafanya nini? Atazunguka kwa Mnazi Mmoja. Atafika, ila kwa njia isiyo yake. Tuseme tena njia hiyo ni nyembamba, na ghafla linatokea kundi kubwa la watu kutoka huko Mnazi Mmoja, wanakuja upande wake. Hapo hana pa kupita. Anasimama. Na wale wanaokuja, wakifika darajani, nao watakuta limevunjika, watasimama vilevile.

Hivyo ndivyo ilivyo katika globu ya nyuma. Ndani yake mna viwaya viwili vyembamba. Kimoja ni cha taa ya usiku, kingine ni cha breki. Kila kimoja kina waya wake wa kuletea umeme, lakini wote wawili hurudi kwa njia moja, nayo ni ethi. Ethi ikikatika au ikishika kutu, umeme wa taa ya usiku hutafuta njia ya kuzunguka. Hupita katika kiwaya cha breki, hufuata waya wa breki kinyumenyume mpaka kwenye taa ya upande wa pili, na hurudi kwenye betri kwa ethi ya huko. Kwa hiyo taa inawaka, na dereva huona kila kitu ni salama. Akikanyaga breki, umeme mwingine huja kwa waya uleule wa breki. Njia ya kuzunguka imezibwa. Taa inazimika yote.

Kwa nini ugonjwa huu ni mwingi Unguja? Kwa sababu sisi tumezungukwa na bahari. Hewa ina chumvi, na chumvi hula chuma. Gari inayolala Nungwi au Jambiani hupata hewa hiyo usiku na mchana. Ikija masika, maji huingia katika taa iliyopasuka kioo, hukaa ndani, na shaba hugeuka rangi ya kijani. Skrubu iliyofunga waya wa ethi hushika kutu chini yake. Kwa macho unaona waya umefungwa vizuri, kumbe baina ya waya na bodi pana utando wa kutu ambao umeme hauupiti.

Basi twende kwenye uchunguzi. Nitakupeni utaratibu wa hatua nne. Ziandikeni katika daftari.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kugusa. Simamisha gari mahali pa sawa, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe. Mtu mmoja akae ndani, mwingine asimame nyuma kwa upande. Washeni taa za usiku. Kisha kanyageni breki. Kisha washeni indiketa ya kushoto, kisha ya kulia. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosa, jaribuni zote pamoja: taa za usiku, breki na indiketa kwa wakati mmoja. Ugonjwa wa ethi hujificha taa zikijaribiwa mojamoja, na hujitokeza zikiwashwa pamoja. Kama uko peke yako usiku, rudisha gari karibu na ukuta uliopakwa chokaa, ukae na kutazama wekundu unaopiga ukutani.

Hatua ya pili: uliza, ni taa moja au ni zote? Ikiwa taa zote mbili za breki haziwaki, lakini za usiku zinawaka, tatizo haliko nyuma. Huenda fyuzi ya breki imekatika, au swichi ndogo iliyoko juu ya pedeli ya breki imeharibika. Ikiwa ni taa ya upande mmoja tu, tatizo liko huko huko: globu, kikombe cha globu, waya wake au ethi yake. Na indiketa ya upande mmoja ikipepesa haraka haraka kuliko kawaida, katika gari nyingi ni ishara kuwa globu moja ya upande ule imeungua.

Hatua ya tatu: toa globu na uisome. Nasema uisome, kwa sababu imeandikwa. Kwenye kitako chake cha chuma mna maandishi madogo. Katika globu ya viwaya viwili mara nyingi utakuta 12V 21/5W. Herufi V ni volti, na 12 ndiyo nguvu ya betri ya gari. Herufi W ni wati. Wati 21 ni za breki, wati 5 ni za usiku. Ndiyo maana taa ya breki hung'ara zaidi ya ile ya usiku, na mtu wa nyuma huona tofauti. Globu hiyo ina vijino viwili ubavuni, na havilingani. Kimoja kiko juu kidogo kuliko chenzake, ili iingie kwa upande mmoja tu. Mtu asiyetazama huilazimisha kinyume. Hapo taa ya usiku huwa kali na ya breki huwa hafifu, na gari husema uwongo njia nzima.

Inyanyue globu mbele ya mwanga. Kama kiwaya kimekatika, au kioo kimekuwa cheusi ndani, nunua nyingine yenye maandishi yaleyale. Kama viwaya vyote viwili ni vizima, usinunue. Endelea na hatua ya nne. Na gari mpya nyingine zina taa za LED, ambazo hazina kiwaya cha kukatika. Hizo mwachieni fundi, lakini nazo hutaka ethi kama hizi.

Hatua ya nne: jaribu ethi. Chukua kipande cha waya kilichovuliwa ganda ncha zote mbili. Washa taa za usiku, na mwenzako akanyage breki, mpaka taa izimike. Ncha moja ishikize kwenye chuma cha ubavuni mwa kikombe cha globu, au pale waya wa ethi unapoanzia. Ncha nyingine iguse kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa mpaka kinang'aa. Taa ikiwaka yote, ya usiku na ya breki, umeshika mwizi. Ethi ndiyo mbovu. Lakini sikilizeni vizuri: usiguse vichuma vidogo vilivyoko chini ndani ya kikombe. Huko ndiko unakotokea umeme. Ukiviunganisha na bodi, fyuzi itakatika. Wala usiamini rangi za nyaya peke yake, maana gari hutofautiana, na waya aliounga fundi wa mwaka juzi huenda una rangi aliyoipata siku ile.

Kutengeneza ni kazi ya nusu saa. Zima taa, ondoa ufunguo. Fungua skrubu ya ethi kwa bisibisi au spana. Kwangua mwisho wa waya kwa msasa, kwangua na chuma cha bodi chini yake, mpaka vyote ving'ae. Kama skrubu imeliwa na kutu, tia mpya. Funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu yake ili chumvi isiingie tena. Kikombe cha globu chenye kijani nacho kisafishwe. Kioo cha taa kilichopasuka kibadilishwe, kwa kuwa maji yakiendelea kuingia, kazi yako haitafika masika mengine. Na tena, mwanga mweupe unaotoka katika ufa humdanganya mtu wa nyuma, akadhani gari inarudi nyuma.

Sasa neno juu ya fyuzi. Gari nyingi za abiria hapa kwetu zilitumika Japani kabla ya kuletwa Zanzibar. Ukifungua kifuniko cha sanduku la fyuzi, waweza kukuta maandishi ya Kijapani. Usivunjike moyo, maana hata mwalimu wa skuli hawezi kuyasoma. Lakini tazama tarakimu. Tarakimu ni zilezile mnazozijua: 10A, 15A, 20A. Herufi A ni ampea, yaani wingi wa umeme unaoruhusiwa kupita. Rangi nazo zina maana. Katika fyuzi za siku hizi zenye miguu bapa, nyekundu ni 10, buluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30.

Tufanye hesabu ya pili. Ukigawa wati kwa volti unapata ampea. Taa mbili za breki, kila moja wati 21, jumla ni wati 42. Gawa kwa 12. Jawabu ni ampea 3 na nusu. Basi kama kifuniko kimeandika 10A, fyuzi ya 10 inatosha sana. Ikikatika, ina sababu: mahali fulani waya umechubuka na kugusa bodi. Lakini wako watu ambao fyuzi ya 10 ikikatika hutia ya 30, au huzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa huwaka, na mwenye gari hufurahi. Amemfukuza mlinzi mlangoni. Siku waya utakapogusa bodi tena, fyuzi haitakatika. Utakaoungua ni waya, ndani ya mbavu za gari, nyuma ya viti walivyokalia watu. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kilichowekwa kife yeye kwanza ili gari isife.

Wanafunzi, mwaona kuwa katika kazi yote hii tumesoma mara tatu. Tumesoma globu, tumesoma fyuzi, tumesoma kifuniko. Hakuna lililokuwa refu. Ni herufi tatu, V, W na A, pamoja na tarakimu chache. Asiyezijua hununua globu tatu kwa mwezi, na gari yake hubaki bubu. Anayezijua hutumia kipande cha msasa. Wako miongoni mwenu waliosema, "Nimekuwa mtu mzima, kusoma kutanifaa nini?" Basi mfano ni huu.

Tena nakuombeni mtumie kalamu. Kila mwenye gari, au utingo wake, awe na daftari ndogo chini ya kiti. Aandike tarehe, taa gani iliharibika, kilichoonekana na kilichofanywa. Mtu mwenye daftari ataona mwenyewe kuwa taa ya kushoto imebadilishwa globu mara tatu, na atajiuliza kwa nini ni ya kushoto tu. Kichwa husahau; daftari haisahau.

Na nyinyi abiria mna haki yenu. Mkiwa mmesimama kituoni jioni, gari ikifika na kusimama, tazameni nyuma yake kabla ya kupanda. Mkiona taa imezimika wakati wa breki, mwambieni dereva kwa maneno mazuri: "Bwana dereva, taa yako ya kushoto yazimika ukikanyaga breki. Huenda ni ethi." Yeye yuko mbele, hawezi kuiona. Asipoambiwa na aliye nyuma, atajuaje?

Kabla ya kuagana, haya ndiyo maswali ya kuzungumza darasani.

Moja: taa za nyuma humwambia mtu wa nyuma mambo gani mawili?
Mbili: kwa nini globu inayozimika wakati wa breki, kisha ikawaka tena, haikuungua?
Tatu: globu imeandikwa 12V 21/5W. Wati za breki ni ngapi, na za usiku ni ngapi?
Nne: globu mbili za wati 5 zinatumia wati ngapi kwa jumla? Gawa kwa 12. Je, zinafika ampea moja?
Tano: kwa nini ni khatari kutia fyuzi ya 30 mahali pa 10?

Kazi ya nyumbani ni hii. Kabla ya somo lijalo kila mmoja atazame gari tatu usiku, zikiwa zimesimama mahali pa salama, na aandike katika daftari taa zipi za nyuma zinawaka na zipi haziwaki. Asisimame katikati ya barabara. Mwalimu atakusanya khabari za darasa zima na kuziandika ubaoni, kisha darasa lihesabu gari ngapi ni nzima na ngapi ni mbovu. Na kama mwenye gari mbovu ni jirani yako, usingoje siku ya darasa. Mwambie usiku huohuo, kabla hajaondoka.

Nakutakieni masomo mema. Kwaherini.